NAS ya nyumbani inakwama kwenye TV ya sebuleni, ninunue nyingine au kuna namna? (Mikindani)

MwanaMikindani

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya NAS (kifaa chenye diski kinachohifadhi faili za nyumba nzima kupitia ruta) na seva ya video ya nyumbani, maana huku kwetu fundi wa hivi vitu kumpata ni kazi, wengi ni wa CCTV na madishi.

Iko hivi. Nyumbani Mikindani tuna NAS ndogo ya diski mbili, prosesa yake ARM, RAM GB 2, diski ni TB 4 mbili zimewekwa RAID 1, yani zote mbili zinabeba vitu vile vile, juu yake nimefunga Plex, programu ya kurusha video kwenye TV na simu. Ndani kuna vitu vya familia: harusi za kina dada ambazo zilikuwa kwenye DVD tukazihamisha, maulidi, mawaidha ya marehemu babu, picha za watu wote, na siku hizi video anazochukua mdogo wangu kwa simu. Yeye ndio mpiga picha wa ukoo, kila shughuli yupo, iwe Mtwara mjini, Newala, mpaka Lindi huko. Nia yetu mama akae sebuleni ashike rimoti achague anachotaka bila kumwita mtu, na wajukuu wakija likizo wawaone wazee ambao hawakuwahi kuwakuta.

Sasa tatizo. Za DVD zinacheza safi kabisa. Hizi za simu ndio shida, inaanza sekunde chache inasimama, kiduara kinazunguka, inasogea kidogo inasimama tena. Mama anaishia kusema basi niwekee ya zamani. Na cha ajabu faili lile lile nikilifungua kwenye simu yangu kwa apu ya Plex, nimekaa chumba kile kile chenye TV, linateleza tu!

TV ni ya kitambo kidogo, full HD, inatumia waifai. Ruta na NAS vipo chumba cha mbele, katikati kuna ukuta wa mawe wa hizi nyumba za zamani, waliofika Mikindani wanaujua unene wake.

Watu wananiambia tupa hiyo nunua NAS yenye prosesa ya Intel. Korosho zikishauzwa hela inaweza kupatikana, ila kabla sijamgusa mzee kwa hilo nataka nijue kama kweli dawa ndio hiyo. Na dada yetu yupo Masasi naye anataka kuangalia akiwa huko huko, inawezekana?

---

fundi_Ligula

Mkuu usinunue NAS. Hiyo uliyonayo kazi ya NAS inaifanya vizuri tu, inayoshindwa ni kazi nyingine ambayo TV yako inaibebesha.

Simu nyingi za sasa zinarekodi kwa kodeki (namna ya kubana video) ya H.265, wengine wanaiita HEVC, na mdogo wako bila shaka anachukua 4K, picha yenye nukta mara nne ya full HD. TV za full HD za kitambo nyingi zinajua H.264 tu. Kwaiyo TV ikiomba hiyo video, Plex inaona huyu hawezi kuisoma hivi ilivyo, inabidi NAS iifungue video nzima, iipunguze, iiandike upya kwa H.264 huku mama anasubiri, na iifanye haraka kuliko video inavyokwenda. Hiyo ndio wanaita kutranskodi. Prosesa ndogo ya ARM kwa video ya 4K haiwezi kukimbia hivyo, ndio maana unapata vipande vipande. Simu yako inayo chipu ya kusoma H.265, haiombi msaada wowote, NAS inaipa faili kama lilivyo basi. Na DVD ni picha ndogo, mistari 576, hata ikibidi kugeuzwa haiumizi mtu.

Hakikisha usiniamini mimi. Weka video ya simu kwenye TV, afu fungua Plex kwenye laptopu, nenda dashibodi, utaona kinachochezwa wakati huo na chini yake maneno. Ikiandika Direct Play faili linakwenda moja kwa moja. Ikiandika Transcode umempata mwizi wako. Angalia na mstari wa video peke yake na wa sauti peke yake, maana sauti ikigeuzwa peke yake sio tatizo, ni kazi nyepesi, inayoua ni video.

Dawa ya bei ndogo ni kuweka kiboksi au kijiti cha Android TV kwenye HDMI ya hiyo hiyo TV, chenye uwezo wa H.265 ya 4K. Kiboksi kinasoma chenyewe, kinaishushia TV picha ya full HD, NAS inabaki kuwa stoo. Hata mama rimoti yake itakuwa nyepesi zaidi kuliko ya TV.

Ila kuna ukuta! Hilo usilidharau. Simu za iPhone kwa mfano, 4K ya fremu 60 kwa H.265 inakula kama MB 400 kwa dakika, Apple wenyewe wanaandika hivyo kwenye setingi ya kamera. Piga hesabu: MB 400 ni megabiti 3200, gawa kwa sekunde 60, unapata kama megabiti 53 kwa sekunde mfululizo. Waifai ya 2.4 GHz ikishapita ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa kupata 53 bila kuyumba ni bahati nasibu, na 5 GHz ndio kabisa haipendi ukuta mnene. Vuta kebo ya Cat6 toka kwenye ruta mpaka sebuleni, ipitishe juu darini au pembeni ya fremu ya mlango, huna haja ya kutoboa ukuta wa wazee. Mwisho wake ni mita 100 na nyumba yako haifiki huko.

---

Kaka_Shangani

Fundi kaongea vizuri ila mimi naona kununua kiboksi ni kuzunguka. Tatizo lipo kwenye faili, tibu faili. Pakua HandBrake kwenye laptopu, programu ya kugeuza video, ya bure, ingiza video za dogo foda zima, chagua ile setingi ya Fast 1080p30, ziache usiku kucha, asubuhi una faili za H.264 ambazo TV yoyote hata ya jirani itacheza, na kwenye waifai hiyo hiyo zitapita maana zinakuwa ndogo. Afu mwambie dogo abadili kamera, kwenye iPhone ipo sehemu ya fomati unachagua ile inayokubali vifaa vingi, inarekodi H.264, Android nyingi nazo unazima tu H.265. Mchezo umeisha hujatoa shilingi.

---

fundi_Ligula

@Kaka_Shangani kugeuza faili nakubali, ila hapo kwa dogo kubadili kamera sikubaliani na wewe hata kidogo kaka. Kwanza H.264 inakula nafasi zaidi, 1080p ya fremu 30 ni kama MB 60 kwa dakika ukirekodi H.265 na kama MB 130 ukirekodi H.264, zaidi ya mara mbili. Pili harusi haifanyiki mara ya pili ili urekodi upya. TV ya sebuleni itakufa itanunuliwa nyingine ya 4K, watoto wataangalia kwenye vitu ambavyo leo havipo, na ukishachukua picha ndogo hakuna programu itakayokurudishia sura ya bibi kama ilivyokuwa. Mwache dogo arekodi kwa ubora wote anaoupata.

Kama unageuza, geuza kopi. Yani foda la asili linakaa pale halionekani kwenye Plex, halifutwi, halihaririwi, na foda la kutazamia ndio lina hizo za HandBrake. Diski ya TB 4 inabeba. Kwa zile MB 400 za dakika saa nzima ni GB 24, kwaiyo shughuli ya saa tatu ni kama GB 72. Sio ndogo ila sio ya kutisha.

---

Kaka_Shangani

Hapo kwenye kopi nimekuelewa, sawa. Foda mbili basi. Ila kiboksi bado nasema sio lazima.

Na @MwanaMikindani hizo video za familia Plex usiziweke kwenye laibrari ya filamu, itaenda kuzitafutia kava mtandaoni na kuleta vitu havihusiani, harusi ya dada inapewa bango la filamu ya watu. Ukitengeneza laibrari chagua ile aina ya Other Videos. Na majina ya faili anza na mwaka, mwezi, tarehe, mfano 2019-08-17 harusi Mikindani kuingia bibi harusi. Zinajipanga zenyewe kwa mfuatano, mama anashuka tu na rimoti.

---

mama_wa_Chuno

Wanangu mmeongea kodeki vizuri, mimi niongelee umeme na hewa ya bahari maana ndio vinavyoua hivi vitu pwani yetu hii kabla hata prosesa haijachoka. Nasimamia kompyuta za ofisi huku Mtwara mjini kwa hiyo nayaona.

Umeme ukikatika ghafla diski ikiwa inaandika unaweza kupoteza faili au mfumo mzima wa RAID ukaanza kujikagua upya, siku nzima inakwenda hapo. Nunua UPS ndogo (betri inayoshikilia umeme ukikatika), hata ya 650VA inatosha, NAS ya diski mbili inakula kama wati 20 na ruta wati 10 hivi, UPS mpya itakushikilia dakika za kutosha. La muhimu ni waya wa USB kutoka UPS kwenda NAS. Wengi wananunua UPS wanaacha ule waya kwenye boksi. Ukiuchomeka na ukaiwasha hiyo setingi, NAS inaambiwa kwamba sasa tunatumia betri, na chaji ikikaribia kuisha inajizima yenyewe kwa utaratibu, hata kama nyote mmelala.

Chumvi na joto. Usiiweke dirishani upande wa bahari, usiifungie kwenye kabati la kioo chini ya TV. Kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Februari, chumba peke yake kina joto la kutosha, diski ikipita nyuzi 50 mfululizo unajitafutia. Joto la diski lipo kwenye setingi za NAS, litazame saa nane mchana sio asubuhi. Feni ya nyuma isafishe kwa brashi kavu, hewa ya pwani inashikisha vumbi likawa kama gundi.

Na kitu ambacho hamjakitaja vijana, LUKU. Wati 20 kwa saa 24 kwa siku 30 ni kama unit 14. Kama nyumba ya mama ipo kwenye kundi la D1, lile la unit zisizozidi 75 kwa mwezi ambalo unit ni shilingi 100, hizo 14 zinaweza kuwavusha mstari na unit zinazozidi bei yake inaruka sana. Kwaiyo NAS ipangie ratiba ijizime saa tano usiku na iwake saa nne asubuhi, zipo nyingi zenye hiyo ratiba. Mama haangalii harusi saa nane za usiku.

Mwisho RAID 1 sio bekapu. Nasema tena, RAID 1 sio bekapu. Diski moja ikifa nyingine inaendelea, hiyo ndio kazi yake. Ila mtoto akifuta foda linafutika kote kuwili sekunde hiyo hiyo, mwizi akibeba NAS kabeba zote mbili, mvua ikivuja darini imelowesha zote mbili. Mawaidha ya babu yako hayana kopi nyingine duniani. Nunua diski ya nje ya USB, jaza kila kitu, na ikae nyumba nyingine.

---

dada_Masasi

Shikamoo mama wa Chuno, hilo la mwisho nimelipenda sana, na linajibu pia swali la dada yake wa Masasi.

@MwanaMikindani kuangalia kwa mbali kunawezekana ila kuna vizuizi viwili. Cha kwanza, Plex tangu tarehe 29 Aprili 2025 kuangalia video zako ukiwa nje ya mtandao wa nyumbani ni kwa kulipia, ama mwenye seva awe na Plex Pass ama mtazamaji alipie pasi yake. Ndani ya nyumba bado bure. Cha pili, intaneti nyingi za nyumbani na za laini hawakupi anwani yako peke yako, mnashirikishwa wateja wengi anwani moja ya nje, kwaiyo hata ukifungua poti (mlango wa kuingilia toka nje) kwenye ruta mtu wa nje hafiki. Watu wanahangaika na ruta wiki nzima wakati tatizo halipo kwenye ruta.

Njia nyepesi ni programu ya Tailscale. Unaifunga kwenye NAS, za Synology na QNAP unaikuta kwenye duka lao la programu, unaifunga na kwenye simu ya dada, mnaingia kwa akaunti moja, vifaa viwili vinaonana kama vipo nyumba moja, kila kimoja kinapewa anwani inayoanza na 100. Kwa matumizi ya nyumbani ni bure na hufungui poti yoyote kwa watu wa nje. Na upande wa seva mimi kwa kazi hii natumia Jellyfin, programu ya kazi ile ile ya Plex, ilitokana na nyingine iitwayo Emby mwishoni mwa 2018, ni ya bure yote, haina malipo ya mbali wala akaunti ya kampuni. Unaweza kuifunga kama NAS yako inakubali kontena (programu iliyofungashwa na vyote inavyohitaji), Plex ikabaki ya mama kama ameshaizoea.

Lakini kinachoamua ni spidi ya kupandisha ya hapo Mikindani, sio ya kushusha ya Masasi. Kama kupandisha kwenu ni megabiti 5, video ya megabiti 53 haitoki hata mfanyeje, na NAS haiwezi kuipunguza kama fundi alivyoeleza. Hapo ndio foda la kutazamia la Kaka Shangani linapata kazi ya pili, mgeuzie dada kopi ya 720p, megabiti 2 au 3, itapita.

Sasa bekapu ya mama wa Chuno. Ile diski ya USB mpe mtu wa basi aje nayo Masasi. Ikae kwa dada. Anaichomeka kwenye TV yake anaangalia ubora wote bila bando, na hapo hapo ndio kopi yenu iliyo mbali na bahari. Nunueni mbili, moja ipo Masasi nyingine ipo Mikindani inajazwa vipya, zinapishana kwenye basi kila baada ya shughuli kubwa. Mwezi wa tano 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika intaneti ikawa mbovu nchi nzima, sisi wenye vitu kwenye diski tuliendelea kuangalia. Ila mwezi huo huo na barabara ya Lindi ilikatika Somanga kwa mafuriko ya kimbunga Hidaya, kwaiyo usitegemee njia moja tu.

---

MwanaMikindani

Ahsanteni sana jamani, Mungu awabariki, mama wa Chuno shikamoo.

Nimeangalia dashibodi kama fundi alivyosema, video za simu zote zinaandika Transcode, na prosesa ya NAS ipo mia kwa mia muda wote. Za DVD Direct Play. Nimeazima kiboksi cha Android kwa jirani nikakichomeka, ikawa Direct Play na prosesa ikashuka chini kabisa, ila bado ilikuwa inasita kila mara kwenye zile za 4K. Nikavuta kebo kwa muda ikipita chini ya mlango, hapo ikatulia moja kwa moja. Kwaiyo vilikuwa vitu viwili kweli, TV na ukuta. Kebo ya kudumu itapita darini wikiendi hii.

Intel sinunui. Hela ya korosho itanunua kiboksi, UPS na diski mbili za nje. Kuhusu kamera dogo kasema harudi nyuma, anabaki 4K, na mimi nipo upande wake. Foda mbili nimeshatengeneza. D1 ndio tupo kweli, nimeweka ratiba ya kuzima usiku.

Swali la mwisho. Zimebaki DVD kadhaa ambazo laptopu inazisoma nusu inagoma, moja ni ya mawaidha ya babu Ramadhani ya zamani sana. Kwa juu hazina mikwaruzo ila upande wa chini rangi imekuwa na mabaka. Ndio basi tena?

---

fundi_Ligula

Sio basi, ila usiendelee kuzichezesha chezesha. Hayo mabaka ni ile rangi ya ndani ya DVD za kuchoma inaharibika kwa joto na unyevu, haiponi na kila mwezi inazidi, kwaiyo hizo ndio uanze nazo kabla ya kebo na kabla ya kila kitu.

Futa kwa kitambaa laini kikavu kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Afu usikopi faili kwa kawaida, tengeneza taswira ya diski nzima, yani kopi yake yote kwenye faili moja, kwa programu ya ddrescue, ipo kwenye Linux, unaweza kuwasha laptopu kwa flashi bila kugusa Windows yako. Yenyewe inachukua kwanza sehemu zinazosomeka, sehemu mbovu inaziruka na kuzirudia mwishoni, na inaweka kumbukumbu ya ilipofikia. Hiyo kumbukumbu ndio siri yake, maana unaweza kuhamisha DVD kwenye laptopu nyingine yenye lenzi tofauti ukaendelea pale pale, na draivu mbili tofauti mara nyingi hazishindwi sehemu zile zile. Ukimaliza una faili la ISO, liingize kwenye MakeMKV, programu ya kutoa video kwenye DVD, au moja kwa moja HandBrake. Sehemu chache zikikosekana utaona picha inavunjika kidogo, ila kwenye mawaidha unachokitaka ni sauti.

Kama huna draivu ya pili njoo Ligula, ninazo tatu za aina tofauti. Njoo na DVD zenyewe kwenye kava zake, usizibebe juani kwenye bodaboda.